Siku Mama Alipofagia Msitu

Mama yangu hawezi kuona jani limeanguka chini akanyamaza. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na katika yote aliyofundishwa kule, hesabu zimemtoka, jiografia imemtoka, kilichobaki ni ukaguzi wa usafi wa kila Ijumaa. Sasa ana miaka sabini na kitu, lakini uwanja wa nyumba yetu bado hufagiwa kabla jua halijagusa bati. Anainama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika fagio la vijiti, anarudi kinyumenyume ili asiache alama za miguu. Akimaliza, udongo unabaki na mistari kama ya mkeka, na ole wake kuku atakayeikanyaga mistari hiyo kabla ya chai.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamlaumu mama kwa kilichotokea. Wa kulaumiwa ni mimi. Mimi ndiye niliyesema, "Muandae njia."

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Kidodi. Ukisimama nyuma ya kanisa unaona mashamba ya miwa bondeni na malori yaliyojaa mpaka pomoni yakijikokota barabarani, na siku isiyo na ukungu unaona kwa mbali sana tambarare za kuelekea Mikumi, kule waliko tembo. Nyuma ya nyumba yetu, baada ya migomba, ndipo msitu unapoanza. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba msitu ule ni kitu cha kutazamwa. Kwetu ulikuwa mahali pa kuokota kuni na kuchota maji, basi.

Mimi nilishuka bondeni kutafuta maisha. Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi kwenye kambi moja ya watalii Mikumi, nikitandika vitanda na kukunja taulo. Nilikuwa nazikunja zinakuwa tembo, na mkonga, na masikio, kila kitu. Wageni wanatoka hifadhini kuwaona tembo wa kweli, wanarudi wanamkuta wangu amekaa kitandani, na wengine, msicheke, walimpiga picha nyingi zaidi huyo wangu. Kazi yenyewe sikuichukia. Nilichochukia ni kulala kwenye joto la bondeni huku mama yuko peke yake mlimani, magoti yameanza kumsumbua, nami namwona Pasaka na Krismasi tu kama mgeni. Nilitamani kurudi nyumbani kuliko kitu chochote, ila nyumbani hakukuwa na kazi zaidi ya jembe, na mimi na jembe hatujawahi kuelewana.

Wazo lilikuja kwa hasira, kama mambo yangu mengi. Mgeni mmoja alirudi kutoka hifadhini amenuna, eti simba alikuwa mbali. Nilikuwa nimebeba mashuka, nikayabwaga mbele ya bosi wangu nikamwambia, "Bosi, kwetu kuna mnyama ambaye hahitaji gari wala darubini. Unamweka kwenye kidole gumba na bado anabakiza nafasi."

Bosi wangu ni mwanamke wa maneno machache na funguo nyingi kiunoni. Alicheka. "Nani atapanda mlima ule kwenda kuangalia majani makavu?"

"Majani ya kwetu yanatembea," nikasema.

Nilikuwa namzungumzia kinyonga. Si yule kinyonga mkubwa wa kijani ambaye kila mtu anamjua. Huyu ni mdogo sana, rangi yake ni ya jani lililokauka, mkia mfupi kama kikonyo, na maisha yake yote anakaa chini kwenye majani yaliyooza au kwenye vijiti vya chini kabisa. Utotoni, nikienda kuni, nilikuwa najificha kumtazama. Nilijificha kwa sababu mama anamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Wazee wa kwetu wana yao juu ya mnyama huyu, kwamba ni mkosi, kwamba akikugusa jambo lako halifiki. Mama akimwona kinyonga njiani, anarudi nyumbani na safari inaahirishwa.

Bosi akapanda nami mlima siku moja ya mapumziko, nadhani ili nimwache apumue. Tulitembea taratibu, tukageuza majani kwa ncha ya kijiti, na baada ya muda mrefu wa yeye kuangalia saa, nikamwonyesha. Kinyonga alikuwa amesimama juu ya jani, anayumba kidogo kama jani lenyewe likipulizwa. Bosi alichuchumaa, funguo zikagonga chini, na akabaki hapo hapo mpaka nikahisi labda miguu imemkataa.

Tukiwa tunashuka, akasema, "Nitaleta wageni wanne. Wachache, kwa miguu. Wasichukue kitu, wasiache kitu. Sitaki kibanda, sitaki saruji, msitu ubaki kama nilivyouona leo. Wakiridhika, utakaa huku kwenu, nami nitakuwa nakuletea wageni mara mbili kwa mwezi. Wasiporidhika, tunarudi kwenye taulo zetu na hili jambo tusilizungumze tena."

Serikali ya kijiji iliposikia kwamba hakuna mti utakaokatwa, ilikubali siku hiyo hiyo. Mimi nilirudi kambini nikiwa siikanyagi ardhi. Siku chache kabla ya wageni, nikampigia mama simu saa tuliyozoea. Kwetu mtandao unashika ukisimama juu ya jiwe la nyuma ya kanisa, na upepo wa pale unakula nusu ya maneno, kwa hiyo mtu anasema machache. Nikasema, "Shikamoo mama. Wageni wanakuja Jumamosi. Muandae njia ya msituni."

"Marahaba. Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema. "Njia itakuwa tayari."

Jamani, unamwambiaje mwanamke kama yule aandae njia? Wageni wanakuja, tena wageni wa heshima, wa mwanawe. Ningetumia akili kidogo tu ningejua. Lakini furaha ilikuwa imeniziba masikio.

Ijumaa alasiri nikapanda mlima kwa miguu, mkoba begani, naimba. Nilisikia kuimba kwingine kabla sijafika: akina mama wa kanisani, sauti zote nne, zinatoka msituni. Nikafurahi zaidi. Nikapita nyumbani, nikapita migomba, nikaingia msituni, na hapo wimbo wangu ukakatika.

Njia ilikuwa imefagiwa. Sisemi imesafishwa kidogo, nasema imefagiwa, kuanzia ukingo wa msitu mpaka kwenye maporomoko ya maji, mwendo wa nusu saa, na si njia peke yake bali na pembeni, mapana ya uwanja wa nyumba, kulia na kushoto. Hakukuwa na jani. Utando wote wa buibui ulikuwa umeondolewa. Magogo yaliyooza, yenye uyoga na vyura wadogo chini yake, yalikuwa yamebingirishwa mbali. Udongo mweusi wa msitu ulikuwa na mistari ya mkeka. Na kando ya njia, kila baada ya hatua chache, kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa nyeupe, kama tunavyofanya kwenye ofisi ya kata anapokuja mkubwa.

Mama alitokea kwenye kona, kanga kiunoni, fagio mkononi, uso unang'aa kwa jasho na raha. "Karibu, mwanangu! Siku mbili hizi hatujakaa. Umeona?"

Nimesema nina hasira. Sitaki kuandika yote niliyosema pale. Nilisema wameua kazi yangu. Nilisema nani amewatuma, nani aliwahi kufagia msitu tangu dunia iumbwe. Nilisema bora wangeuchoma moto kabisa nijue moja. Nilisema kwa sauti, mbele ya wanawake walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, ambao miguu yao ilikuwa imejaa udongo kwa ajili yangu.

Kuimba kulikoma. Mama alijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo mgeni apitishwe kwenye uchafu?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, alikuwa anauliza kweli. Halafu akaweka fagio begani akaelekea nyumbani. Jioni aliniandalia chakula changu, akaenda kula kwa jirani. Nililala nikijichukia, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata katika kujichukia huko nilikuwa bado naziwaza taulo.

Jumamosi wageni walifika asubuhi, wakiwa na bosi. Walikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia kutoka Morogoro pamoja na mkewe, na rafiki zao wawili Wazungu, mtu na dada yake, wenye kofia pana. Mama aliwapokea uwanjani kwa kitenge chake cha kanisani. Mwalimu, ingawa mvi zimemjaa, alimpa mama shikamoo yake kwa kuinama, na mama akaitikia marahaba ndefu. Kwa kila mtu alikuwa na tabasamu. Mimi aliniangalia kama anavyoangalia bati.

Tukaingia msituni. Niliwaonyesha mbega, waliokuwa mbali juu ya miti, wanatushangaa. Hondohondo walipita na makelele yao. Maporomoko ya maji yalikuwa mazuri, hayo mama hakuweza kuyafagia. Lakini hawakuwa wamepanda kwa ajili ya maji. Kila nilipoinama kutafuta, niliinamia udongo mtupu. Nikaenda nje ya njia, nikaona akina mama walifika huko pia. Ndani zaidi kulikuwa na mteremko mkali, na mke wa mwalimu hakuweza kuushuka. Tulirudi tulikotoka, tukipita katikati ya mawe meupe.

"Msitu msafi sana huu," mwalimu akasema, kwa adabu kabisa.

Bosi alisubiri wageni watangulie, akanikaribia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Umejitahidi," akasema. "Jumatatu njoo na fulana ya kazi." Nikaitika. Macho yalikuwa yanawasha, nikajifanya ni vumbi, ingawa vumbi lilikuwa limekwisha kufagiwa lote.

Mama alikuwa ameandaa wali, kuku wa kienyeji, maharage ya nazi na mboga za maboga, na mkeka umetandikwa barazani. Tukakaribishwa. Mwalimu akaomba kunawa, akaelekezwa kwenye dumu la maji lililoning'inizwa karibu na migomba. Akaenda. Tukamngoja. Wali ukaanza kupoa, na kwa mama wali kupoa mbele ya mgeni ni aibu kubwa, akanituma nikamtazame.

Nilimkuta mwalimu amepiga magoti kwenye matope, mikono ina sabuni bado.

"Haya majani," akaninong'oneza bila kugeuka, "yametoka wapi?"

Kwenye migomba ya mama kulikuwa na lundo la majani, refu kufika kifuani kwangu, jeusi kwa unyevu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hajawahi kutupa kitu maishani mwake. Majani yote ya msituni, ya siku mbili, walikuwa wameyabeba kwa matenga, kichwani, wakaja kuyamwaga hapo yawe mbolea ya migomba. Na lundo lilikuwa hai. Jongoo walikuwa wanatoka huku na kuingia kule. Vyura wadogo, wadogo kuliko punje ya mahindi, walikuwa wanaruka. Na mbele ya pua ya mwalimu, juu ya jani la mgomba, jani moja kavu lilinyanyua mguu, likafikiri, likauweka chini.

Nilipiga kelele. Wageni waliacha sahani, bosi aliacha sahani, wote wakaja mbio. Yule Mzungu na dada yake walilala kifudifudi kwenye matope ya mama yangu na kofia zao pana. "Huyu hapa!" mwalimu akasema. "Na huyu! Na huyu mwingine ana mayai tumboni!" Mke wa mwalimu, aliyelalamikia goti safari nzima, alikuwa amekaa chini miguu ameinyoosha, kinyonga anampanda kwenye pete ya ndoa, naye anatoa machozi ya furaha na haoni haya.

Mama akaja nyuma yetu na mwiko mkononi, aone kitu gani kimekishinda chakula chake. Akachungulia. Akamwona mmoja, akamwona wa pili, akalitazama lundo lote kutoka chini mpaka juu.

"Hawa," akasema polepole, "ndio niliowabeba kichwani?"

Mama alishika kilemba chake kwa mikono miwili, mwiko na yote, akapiga yowe moja lililowaleta akina mama wa kanisani kutoka kila nyumba. Wakaja, wakaona, wakaanza kujipapasa vichwani na kukung'uta kanga zao, mmoja anamkagua mwenzake, mmoja anaapa jana usiku alihisi kitu shingoni. Halafu sijui nani alianza kucheka. Nadhani alikuwa bosi. Kicheko kikashika watu wote, mpaka mama akalazimika kukaa kwenye kinu.

Tulipopata pumzi, mwalimu alisema jambo ambalo wengine hatukuwa tumelifikiria. Lundo litapata moto ndani likianza kuoza, na jua la mchana litalikausha nje, na viumbe hawa hawatamaliza wiki. Lazima warudi kwao, na lazima warudi na majani yao.

Mama alikuwa wa kwanza kusimama. Nilidhani ataenda ndani, maana hofu ya miaka sabini haiondoki kwa kicheko kimoja. Badala yake akafunga kanga kiunoni, akaweka ngata kichwani, akafumba macho, akasema, "Nitwisheni."

Basi hivyo ndivyo wageni wangu wa kwanza walivyotalii. Tuligawana matenga, vikapu na ungo. Bosi alibeba kwa ndoo, funguo zinalia kila hatua. Akina mama walianzisha wimbo, na mwalimu, kumbe ana besi nzuri, akaingia. Tukarudi msituni, safari ya kwanza, ya pili, ya tano, tukimwaga majani kiganja kwa kiganja, kwa upole kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Magogo tukayarudisha. Mawe ya chokaa tukayageuza, upande mweupe ukalala chini. Na mama alikuwa mbele, anaamuru, kidole hewani: "Tawanya hapo! Bado pasafi hapo! Nyie, nani kaacha pale pasafi?"

Nilimfuata mpaka kwenye kona ile ile ya Ijumaa. Nikashusha tenga langu nikapiga magoti. "Mama, nisamehe kwa maneno ya jana."

"Maneno gani?" akasema. "Shika tenga upande huo."

Wali tuliula jioni, umepoa kabisa, na wageni wakaomba ukoko. Bosi alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Walipokuwa wanajiandaa kuteremka, alinivuta kando. "Zile taulo atakunja mwingine," akasema. "Lakini mwambie mama yako asifagie tena."

"Bosi," nikasema, "hilo mwambie mwenyewe."

Hakumwambia. Haikuwa lazima. Sasa naishi nyumbani. Wageni wanakuja mara mbili kwa mwezi, wachache, kwa miguu, na majani ya msitu yamejaa tele, mpaka wakati wa mvua njia haionekani. Uwanja wetu bado una mistari ya mkeka kila asubuhi. Fagio la mama linafika kwenye mgomba wa mwisho, hapo linasimama. Upande huu hakuna jani, upande ule hagusi. Wageni wakifika anawapokea, kisha anawaomba radhi, "Huko mbele ni pachafu, mtusamehe," na ananyanyua kidevu anaposema.

Juzi niliamka nikaona jua limeshapanda kwenye bati na uwanja haujafagiwa. Nikashtuka, nikajua mama anaumwa. Nikatoka mbio na kanga ya kulalia. Alikuwa ameinama katikati ya uwanja, fagio limelala chini, ameshika jani moja kavu kwenye kiganja.

"Mama, vipi? Mbona umechelewa kufagia?"

"Ngoja," akasema. Alilileta jani karibu na macho, akaligeuza, akalipuliza taratibu, akasubiri kuona kama lina miguu. Kisha akalibeba kwa mikono miwili, akavuka mgomba wa mwisho, akaliweka chini upande wa msitu, ndipo akarudi kuchukua fagio.